"Homa imenitokea mdomoni": nilivyonyimwa kumbeba mpwa wangu, na nilichojifunza kuhusu hiki kidonda

Dereva wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepaki bajaji hapa Goba Njia Nne, abiria wamekauka, mvua inanyemelea kutoka upande wa Mbezi. Ngoja nilitoe hili lililonikaa rohoni tangu Jumapili.

Jumapili ilikuwa arobaini ya mpwa wangu, Mbagala. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu wa kike. Nimevuka jiji zima na kanzu yangu, beseni lenye sabuni na doti mbili za khanga. Nafika, nanawa, nanyoosha mikono nimpokee mtoto. Shangazi yake shemeji, mama mtu mzima aliyestaafu unesi, akanitazama mdomoni, kisha akamrudisha mtoto kifuani pake. "Baba, leo huyu utamwona kwa macho. Busu usilifikirie kabisa." Mbele za watu, sahani za pilau zinapita katikati yetu.

Mdomo wa chini, kushoto, nilikuwa na kigaga kisichozidi punje ya dengu.

Kigaga hicho nakijua tangu darasa la tano. Kwetu kinaitwa homa. Ukitokwa nacho mama anafurahi: "Homa imekutokea mdomoni, sasa unapona." Hakuna aliyewahi kunikataza kubusu mtu wala kunywea kikombe cha mwenzangu. Basi pale nikajiona kama nimevuliwa nguo. Nikaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye masufuria, natafuta namna ya kuondoka bila kuaga.

Yule mama akanifuata. Akavuta kigoda, akanipa sahani, akasema, "Kula, nikueleze." Niliyoambiwa pale ndani ya nusu saa sijawahi kuambiwa na mtu kwa miaka zaidi ya ishirini. Wiki hii nikapita na kituo cha afya cha mtaani kwetu kumuuliza daktari, naye akasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Mimi ni dereva, waliosomea humu watanirekebisha.

Kwanza, ile si homa. Ni kirusi kinaitwa hepesi simpleksi aina ya kwanza, kwa kifupi HSV-1. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho, asilimia 64. Yaani ukipanda daladala ya Mbagala asubuhi, waliobanana na wewe wengi wao wanacho. Wengi tumekipata utotoni: shangazi kakubusu, umelamba kijiko cha bibi. Na wengi hawatokwi hata na lengelenge moja maisha yao yote. Wanacho, hawajui, na wanaweza kukigawa.

Kilichonifanya nielewe ni mkanda wa jeshi. Sote tunajua mtu akiugua tetekuwanga utotoni, miaka arobaini baadaye unaweza kumwibukia mkanda wa jeshi. Virusi havikuondoka, vilijificha kwenye neva. Hiki cha mdomo ni ukoo mmoja na hivyo, na tabia ni hiyohiyo. Siku ya kwanza kinaingia kwenye ngozi laini ya mdomo, kinapanda na uzi wa neva hadi kwenye fundo lake ndani ya fuvu, usawa wa sikio, kinalala. Hakuna dawa iliyopo leo inayoweza kukitoa kule. Kikiamshwa kinashuka na njia ileile. Ndiyo maana mimi kinanitokea palepale kila mara, kushoto, kama abiria mwenye kituo chake.

Sasa mama yangu hakukosea kabisa. Homa kweli ni moja ya vitu vinavyokiamsha: malaria, nimonia, mafua makali. Mwili unahangaika na kitu kingine, jamaa anapata upenyo. Kosa ni kudhani kwamba ile homa ndiyo inayotokea hapo, kwa hiyo umepona. Mimi nililipia kosa hilo. Mwaka mmoja nilikuwa na malaria, nikapewa mseto, siku ya pili mdomo ukatoa malengelenge, nikasema homa ndiyo hiyo inatoka, vidonge vilivyobaki nikavihifadhi kabatini. Wiki iliyofuata walinibeba. Dozi ni siku tatu, mdomo utoe malengelenge usitoe.

Kingine kinachokiamsha ni jua, na hili sikulijua. Mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi inavuma, jua la saa tisa linanipiga usoni barabara nzima, na kila mwaka majira hayo lazima nitokwe. Nilikuwa nasingizia vumbi. Uchovu nao, kukesha, kung'oa jino, kwa wanawake siku za hedhi. Na mawazo. Kodi ya miezi sita ikikaribia, mdomo wangu unajua kabla ya mwenye nyumba.

Hapa sasa mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipopoteza miaka. Kabla ya lengelenge kuna dalili. Naamka saa kumi na moja, nasukutua, nahisi kama sisimizi anatembea palepale kushoto. Nikigusa, ngozi imekaza, ina joto kidogo. Nikitazama kwenye kioo cha bajaji sioni kitu. Hapo ndipo pa kuanza dawa, wakati huoni kitu. Kufika jioni, au kesho yake, panavimba, vinatoka vilengelenge vimeshikana kama mayai ya samaki. Siku ya pili au ya tatu vinapasuka, majimaji yanatoka, na hapo ndipo panauma na ndipo kinapoambukiza kuliko wakati wowote. Ukila embe bichi la chumvi na pilipili siku hiyo utamkumbuka aliyekuuzia. Baadaye kigaga cha rangi ya asali. Ukicheka kinachanika, damu kidogo, kinaanza upya. Siku ya saba hadi ya kumi kimekwisha, na usipokichokonoa hakiachi kovu.

Dawa yenyewe ni asiklovia. Kwenye boksi utaona Aciclovir au Acyclovir, ni hiyohiyo. Ya kupaka ni mara tano kwa siku, siku tano, na uianze sisimizi anapotembea. Haifanyi muujiza, daktari kaniambia wazi: inaweza kupunguza siku moja hivi, pengine isifike. Ukianza kupaka kigaga kimeshatoka, umenunua mafuta ya bei tu.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya sendofu ya binamu yangu, niliingia duka moja la dawa, silitaji. Kijana akanipa tyubu ndogo: "Paka hii, kaka, inakausha." Na vidonge vya rangi mbili juu yake. Ile tyubu ilikuwa krimu ya steroidi, zilezile watu wanazochanganyia mkorogo. Siku ya kwanza wekundu ulipungua, nikamsifu kijana. Siku ya sendofu kidonda kilikuwa kimepanda hadi chini ya pua. Kumbe steroidi inaituliza kinga ya ngozi pale pale, kirusi kinabaki na uwanja peke yake. Na vile vya rangi mbili ni antibiotiki, vinaua bakteria, kirusi haviki­gusi. Picha zote za sendofu nimeziba mdomo na kiganja kama mtu anayekohoa.

Naweka hapa. Ulizeni, na mwenye utaalamu aseme.

---

Chuma Chakavu

Kumbe ndiyo maana sibusiwi nyumbani. Nilidhani ni sigara.

---

Binti Tandika

Bibi yangu alikuwa anasema umekojolewa na buibui ukiwa umelala. Tukawa tunafagia utando dari nzima, na mdomo unatoka vilevile. Nimesoma hapa nacheka peke yangu kwenye mwendokasi.

---

Mama Wawili

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nataka kuongezea la watoto, kwa sababu nilikaribia kufanya jambo baya sana.

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka na miezi mitatu. Homa ya ghafla, siku ya pili akaanza kutoa udenda usiokatika, fizi nyekundu zimevimba zinatoa damu, ukimpa ziwa analishika analiachia huku analia. Hapa kwetu Kimara majirani wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kitu kimoja: meno ya plastiki. Kuna bibi anayang'oa, nimpeleke kabla hajafa. Nilikuwa nimeshafunga kibwebwe na mtoto mgongoni. Mume wangu ndiye aliyesema tupite kwanza zahanati.

Tabibu akamulika mdomoni na tochi ya simu. Vidonda vidogo vidogo kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya midomo. Akasema hii ni mara ya kwanza mtoto kukutana na kirusi cha mdomoni, na mara ya kwanza kwa watoto ndiyo huwa kali. Akasema kikubwa ninachopaswa kukiogopa ni kukauka maji. Basi siku nne zile kazi yangu ilikuwa bomba la sindano lisilo na sindano, namtilia pembeni ya shavu: maji, maziwa ya baridi, uji mwepesi uliopoa, kidogo kidogo kila dakika kumi. Dawa ya asiklovia ya maji alipewa kwa sababu tuliwahi siku za mwanzo. Parasetamo ya maji kwa maumivu. Nahesabu nepi zilizolowa. Aliniambia zikipita saa sita bila mkojo nirudi hata usiku.

Siku ya kumi alikuwa anatafuna kipande cha muhogo.

Sasa nikiwaza wale wangeingiza msumari kwenye fizi zile zenye vidonda, natetemeka. Akina mama wenzangu, hakuna meno ya plastiki. Ni fizi za mtoto na meno yake yanayokuja.

---

Dereva wa Goba

Dada Mama Wawili, hapo kwenye kuhesabu nepi umenifundisha. Namtumia mdogo wangu ujumbe huu sasa hivi.

---

Tabibu wa Kivukoni

Mkuu, umeeleza vizuri. Mimi ni tabibu, nina mawili ya kukurekebisha na moja la kuongeza.

La kwanza: usihesabu kwamba bila kidonda huambukizi. Kirusi huwa kinatoka kwenye mate siku moja moja hata mdomo ukiwa safi. Ni kidogo kuliko wakati wa malengelenge, lakini kipo. Kwa hiyo yule nesi mstaafu alikuwa sahihi kukukataza ulivyokuwa na kigaga, ila kwa kichanga sheria ningeiweka pana zaidi: wageni wasimbusu, mwenye kidonda na asiye nacho. Wiki nne za mwanzo ndizo za hatari kubwa. Kinga yake haijakomaa, kirusi kinaweza kwenda kwenye ini, kwenye ubongo, na wapo wanaokufa. Mpwa wako wa siku arobaini amevuka kile kipindi kibaya zaidi lakini bado ni mchanga. Kichanga akiwa mlegevu, hanyonyi, ana joto au amekuwa wa baridi, ana malengelenge popote mwilini, usisubiri asubuhi.

La pili: macho. Ulisema unatazama kwenye kioo na kugusa. Ukishagusa, nawa. Kirusi hiki kikiingia jichoni kinakula kioo cha jicho na kinaweza kuleta upofu. Jicho jekundu, linauma, mwanga unalichoma, na mdomoni una kidonda: nenda kwenye kliniki ya macho siku hiyohiyo. Na tafadhali, yale matone ya macho ya steroidi yanayouzwa kama soda msiyaweke.

La kuongeza ni kwa wenye watoto wenye pumu ya ngozi. Kirusi kikipata ngozi iliyochubuka namna ile kinasambaa mwili mzima. Mtu mwenye kidonda mdomoni asimbusu wala asimpake mafuta kwa mkono ambao hajanawa.

---

Kijana wa Sinza

Mkuu Tabibu, samahani swali langu ni la aibu kidogo. Nimetokwa na haya malengelenge, mchumba wangu kagugo akakuta neno hepesi, sasa anasema nimetembea nje, nimemletea ugonjwa wa zinaa. Amerudi kwao Ukonga. Namjibu nini?

---

Tabibu wa Kivukoni

Pole sana, kaka. Kesi kama yako naipata mara kwa mara.

Kirusi hiki kina aina mbili. HSV-1 kazi yake kubwa ni mdomoni, na Afrika wengi wetu huipata tukiwa watoto, kabla hata ya kujua neno mchumba. HSV-2 ndiyo ya sehemu za siri, hiyo huambukizwa kwa ngono. Kidonda mdomoni hakithibitishi kwamba mtu ametembea nje. Unaweza kukaa nacho miaka kumi na tano kimelala, ukaugua malaria Januari hii, kikatoka kwa mara ya kwanza machoni pa watu. Hata kipimo cha damu hakitamwambia umekipata lini wala kwa nani, kwa hiyo msipoteze hela huko.

Ila nisikufiche upande wa pili. HSV-1 inaweza kuhamia sehemu za siri kwa njia ya kunyonyana. Ukiwa na kidonda, au ukihisi kile cha sisimizi, acha kabisa mambo hayo mpaka ngozi ifunge. Busu pia.

Na wale mnaouliza kimoyomoyo kuhusu ngoma: kidonda cha mdomo cha kawaida si dalili ya UKIMWI. Kidonda kinachokaa zaidi ya mwezi mmoja bila kupona, au kinachopanuka na kuchimba, hicho ndicho kinachotufanya tupime VVU. Lakini kupima si lazima usubiri kidonda.

---

Kijana wa Sinza

Nimempigia picha ya skrini jibu lako nimemtumia. Kaliona. Hajajibu, ila kaliona.

---

Dokta Mitishamba Original

Ndugu zangu msihangaike na dawa za kizungu. Ninayo dozi ya siku 21 inatoa hepesi yote mwilini, inasafisha damu na ini. Waliopona ni wengi. Njoo faragha.

---

Dereva wa Goba

Mkuu, kirusi kipo kwenye neva ndani ya fuvu, dawa yako inasafisha damu. Hata mimi wa bajaji naona umeshuka kituo kisicho chako.

---

Tabibu wa Kivukoni

Na ujanja wake uko kwenye hizo siku 21. Kidonda chenyewe huisha siku ya saba hadi ya kumi hata ukikiimbia wimbo. Siku ya ishirini na moja mteja anajiangalia, mdomo safi, anatoa ushuhuda. Kikirudi mwaka kesho anaambiwa alikula mwiko. Dawa ya kukitoa kabisa haijapatikana, na chanjo yake pia bado.

---

Mzee wa Kahawa

Vijana, mimi nakaa kijiweni Magomeni, kahawa na kashata kila jioni. Vile vikombe tunavichovya kwenye ndoo moja ya maji. Baada ya kusoma hapa nimekuwa navitazama kwa jicho jingine. Niache?

---

Tabibu wa Kivukoni

Shikamoo mzee. Usiache baraza lako. Kwa umri wako uwezekano mkubwa kirusi hiki unacho tangu enzi hizo, na mtu aliyekwisha kukipata mdomoni hakipati upya kirahisi. Njia yake kuu ni mdomo kwa mdomo, mate kwa mate. Juu ya kikombe hakiishi sana, na kimevaa gamba la mafuta ambalo sabuni inalivunja. Mwambie muuza kahawa aweke ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Itawakinga na mengine mabaya zaidi, kuhara kukiwemo. Na mwenye kidonda kibichi siku hiyo aje na kikombe chake.

---

Mzee wa Kahawa

Marahaba. Ndoo ya pili nitainunua mimi.

---

Mpambaji Bibi Harusi

Sisi wapambaji tuna dhambi hapa. Brashi moja ya rangi ya mdomo, bibi harusi, mama yake, matroni, wasimamizi, wote inapita. Nimeanza kutumia vijiti vya pamba: nachota rangi kwenye kisahani, kijiti kimoja mtu mmoja, natupa. Na bibi harusi akija na lengelenge bichi simfuniki na poda, namwambia ukweli. Mmoja mwaka jana alilia nikadhani harusi imeahirishwa. Tulimpaka mafuta ya mgando tu, mpiga picha akamchukua upande wa kulia siku nzima.

Swali langu: wiki ya harusi bibi harusi hawalali, hawali, wana mawazo, halafu picha za ufukweni Coco saa nane mchana. Karibu kila mwezi mmoja anatokwa. Kuna cha kufanya mapema?

---

Tabibu wa Kivukoni

Dada, umetaja vyote vinavyokiamsha kwenye sentensi moja. Anayejijua kwamba huwa anatokwa aende kwa daktari wiki mbili kabla, wapo wanaopewa vidonge vya asiklovia wavitumie kwa siku hizo au wakae navyo waanze dalili ya kwanza. Vidonge vinafanya kazi vizuri kuliko krimu, ila ni vya kuandikiwa: mwenye matatizo ya figo dozi yake hupunguzwa, mjamzito lazima aseme. Na mtu anayetokwa mara sita au zaidi kwa mwaka anaweza kuwekwa kwenye vidonge vya kila siku kwa muda.

Jua: kofia pana, na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, SPF 30 kwenda juu, apake tena kila baada ya saa mbili. Picha za ufukweni zihamishiwe saa kumi na moja, hata mwanga ni mzuri zaidi.

Hii dawa huwa inanifurahisha jinsi inavyofanya kazi. Inapita mwilini imelala. Ikiingia kwenye seli yenye kirusi, kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoiwasha, kisha inakizuia kuzaliana. Seli zisizo na kirusi karibu haziijui kama ipo. Ilitoka kwenye kundi la Gertrude Elion, Mmarekani, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Hakuwa na shahada ya uzamivu ya kusomea darasani. Nawaambiaga vijana wangu wa mafunzo.

---

Binti Tandika

Mimi vyangu vinatoka ndani ya shavu, vyeupe katikati, pembeni vyekundu. Na mama yangu anachanika pembe zote mbili za mdomo. Ni hivihivi?

---

Tabibu wa Kivukoni

Hapana. Vyako vya ndani ya shavu, kama vinakuja na kuondoka bila homa, ni vidonda vya kawaida vya mdomo, haviambukizi, asiklovia haivisaidii. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Pembe za mdomo kwa mama mara nyingi ni fangasi au bakteria, meno ya bandia yasiyokaa vizuri, upungufu wa damu au vitamini. Apimwe damu na sukari. Hepesi kwa kawaida inapenda ukingo wa mdomo kwa nje, inaanza kwa kutekenya, malengelenge yanashikana.

---

Mama Kichanga

Nina mtoto wa wiki mbili na leo nimeamka na lengelenge. Nimesoma huu uzi nalia. Nimwachishe ziwa?

---

Tabibu wa Kivukoni

Mama, usilie na usimwachishe. Kirusi hakipiti kwenye maziwa. Vaa barakoa au jifunge khanga puani na mdomoni muda wote unapomshika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, usimbusu mpaka kigaga kianguke na ngozi ifunge. Chuchu ikiwa na lengelenge au kidonda, ziwa hilo usimpe na maziwa yake uyakamue uyamwage; la upande wa pili endelea. Na kesho asubuhi mpeleke kliniki wamtazame, useme wazi una kidonda mdomoni. Kabla ya leo ulikuwa umembusu?

---

Mama Kichanga

Jana usiku kwenye paji la uso. Sikuwa na kitu.

---

Tabibu wa Kivukoni

Basi usisubiri kesho kama unaweza kwenda leo. Nimekutumia ujumbe wa faragha.

---

Mama Wawili

Mama Kichanga, upo upande gani? Kama ni Kimara au Mbezi mimi nakuja kukusindikiza.

---

Mama Kichanga

Nimerudi. Mtoto ameangaliwa, hana joto, ananyonya, hana kipele. Wameniambia nimrudishe kesho kutwa na nikiona chochote nirudi hata usiku wa manane. Nimefunga khanga usoni kama naenda kuiba. Asanteni sana.

---

Dereva wa Goba

Mrejesho, wakuu.

Leo Jumamosi ilikuwa niende tena Mbagala, mpwa ametimiza miezi miwili. Nimeshanunua hata chandarua kidogo kile cha mwavuli. Saa kumi na moja alfajiri nasukutua, sisimizi huyo, kushoto, palepale. Kodi inaisha tarehe thelathini.

Krimu ilikuwa mfukoni, nikapaka nikiwa bado na mswaki mkononi. Kisha nikampigia mdogo wangu kumwambia siji. Akacheka. "Njoo, kaka, chandarua tutakipokea mlangoni. Shangazi yupo, kasema uje na barakoa, na biriani lako kaliweka kwenye sahani yenye mfuniko."